Safu Tatu za Lamisi

Lamisi alipozikwa pale Nyariga, aliacha kikapu kimoja kimesukwa nusu. Binti yake, Ayinpoka, hakukigusa kwa wiki mbili. Kisha akasikia gari la kuchukua mzigo wa ng'ambo wa kikundi cha wanawake wasukaji linakuja Jumamosi, akakipakata.

Lamisi alikuwa mashoto. Nyasi alizisokota kuelekea kushoto, na kikundi kizima hakikuwa na mwingine wa kusokota hivyo. Ayinpoka alipojaribu, viganja vilimchubuka na nyasi zikafumuka. Akarudia, akarudia tena, mpaka mkono ukakubali. Kwa siku nne aliongeza safu kumi na mbili juu ya zile za mama yake, akafunga ukingo, akakipitisha juu ya moto ili vinywelea vya nyasi viungue.

Haja yake ilikuwa moja tu. Kila kikapu cha kikundi hufungwa kikaratasi chenye jina la msukaji. Alitaka kwenye hiki liandikwe Lamisi, mara moja ya mwisho.

Alhamisi wanawake walikusanyika bandani kukaguliwa vikapu. Mkaguzi alikuwa Azuma, aliyesuka bega kwa bega na Lamisi miaka thelathini. Hakukagua kwa macho. Aliyafumba, akazungusha vidole kutoka kwenye kitako kwenda juu.

"Mkono wa Lamisi huu," akasema. Vidole vikapanda, vikasimama. "Hapa umeanza wewe."

"Umejuaje, mama? Mbona nimesokota kushoto kama yeye?"

"Umesokota vizuri sana. Kwako pamekaza. Chini ya ulipoanzia ndipo palipolegea, safu tatu zake." Azuma akafumbua macho. "Alikuwa mgonjwa, mwanangu. Nguvu zilishamwishia. Hiki siwezi kukipitisha."

Akolgo, mchuuzi wa sokoni aliyependa kuzurura hapo siku za ukaguzi, akasogea.

"Nipe mimi, dada. Nakulipa sidi ishirini. Huko ng'ambo nani atajua kimelegea?"

"Wewe Akolgo," mwanamke mmoja akadakia, "tangu tuanze kupanga bei wenyewe umekonda kama fito. Nenda kanywe pombe yako ya pito ulale!"

Wakacheka. Ayinpoka hakucheka.

"Mama Azuma, hizo ndizo safu zake za mwisho. Nizifumue?"

"Siwezi kukutuma ufanye hivyo. Ila nikuulize. Mkaguzi kabla yangu alikuwa yeye. Mwaka ule nimetoka kujifungua, nikaleta kikapu kimelegea, alinifanyaje?"

"Alikirudisha."

"Mara mbili! Na mtoto mgongoni! Nilimtukana njia nzima hadi nyumbani. Kesho yake nikasuka upya."

Ayinpoka alikitazama kikapu. Siku zote hizo alizilinda zile safu kama mtu anayekataa uwanja usifagiliwe, nyayo za marehemu zisipotee. Lakini mwenye nyayo alikuwa mtu gani? Angekuwa hai, asingekubali kikapu kilicholegea kitoke Nyariga, hata kiwe chake. Hasa kiwe chake.

Akaomba kisu, akakata ukingo, akafumua safu zake kumi na mbili, kisha zile tatu za mama yake.

Siku mbili hizo wanawake walimpasulia nyasi kwa meno, wakamchotea maji, wakamletea ugali wa mtama na mchuzi wa bamia. Kikapu chenyewe hakuna aliyekigusa. Nyasi za zile safu tatu Ayinpoka hakuzitupa. Alizilowesha, akazisokota upya moja moja, akazivuta mpaka kifundo cha mkono kikavimba. Kisha akasuka usiku na mchana kurudisha safu zake juu, akafunga ukingo.

Jumamosi asubuhi, gari likiwa limeshaanza kupakiwa, Azuma alifumba macho. Vidole vikatoka kwenye kitako, vikapanda polepole, vikafika kwenye ukingo. Akarudia. Havikusimama popote.

"Sasa mbona husemi mimi nimeanzia wapi?" Ayinpoka akauliza.

"Nimekutafuta, sijakuona." Azuma akajifuta pua kwa ncha ya kitambaa, akamsukumia kalamu na kikaratasi. "Haya, andika mwenyewe. Wewe ndiye uliyesoma."

Ayinpoka akaandika LAMISI kwa herufi kubwa. Akakibeba kikapu mwenyewe hadi garini. Mpakiaji alipotaka kukichomeka katikati ya vingine, akamkataza.

"Hicho kiweke juu, kaka. Kisikandamizwe."