Sifuri Isiyo na Mwenyewe

Damu ilikuwa inamchemka Mama Hakiki tangu asubuhi, na chai aliyoimimina ilikuwa imepoa kando ya kompyuta bila kuguswa. Jina hilo alibandikwa na wenzake ofisini kwa sababu hapitishi msimbo wa mtu, yale maandishi ya kuiamuru kompyuta, kabla hajaukagua mara mbili. Leo alikuwa na la kukagua linalomhusu hadi nyumbani. Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, fundi wa nyaya wanayemwita Koleo, alikuwa amekabidhiwa barua: mwisho wake kazini ni leo saa sita, kwa kosa la kutoa taarifa za uongo.

Uongo gani? Kwa miezi mitatu Koleo alikuwa akiandika kwamba swichi ya mtandao ya wodi ya wazazi, katika hospitali wanayoihudumia, inapoteza pakiti, yaani vifurushi vya data, na picha za wagonjwa zinamfikia daktari vipande vipande. Mwanzoni skrini ya ofisini ilimuunga mkono. Hesabu ya pakiti zilizopotea ilipanda, ikapanda, halafu siku moja ikasoma sifuri. Mkuu wa kitengo akashangilia kwamba swichi imepona yenyewe. Imepona! Swichi, kama mtu aliyelala na mafua akaamka mzima! Na fundi aliyeendelea kulalamika akaonekana mchochezi.

"Shemeji," Koleo alimwambia jana, akikunja ovaroli lake, "zilizopotea zimepotea. Swichi haijazimwa hata mara moja, useme imeanza kuhesabu upya. Hesabu yake inarudije nyuma?"

Mtoto wa darasa la pili angeuliza hivyo hivyo. Pale ofisini hakuna aliyeuliza, hata Mama Hakiki mwenyewe, kwa kuogopa kuambiwa anatetea ndugu, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Sasa alikuwa amelipata kosa lenyewe. Kerneli, yaani kile kiini cha mfumo, hutuma namba zake ndani ya ujumbe, na mbele ya kila namba hutaja ukubwa wake. Namba ndogo huja kwa baiti nne, yaani visanduku vinne vya data. Ikizidi bilioni nne na ushei, huja kwa nane. Maktaba yao ya msimbo ilikuwa na fanksheni, kijisehemu cha msimbo, ya kuzisoma, iliyozoea nne tu. Ilipoletewa nane haikusema "sijui." Ilijibu sifuri. Kutojua si dhambi, lakini asiyejua akajibu kwa uso mkavu huyo ni wa kuogopwa.

Aliandika fanksheni mpya, mistari kumi na miwili. Tazama ukubwa kwanza. Ni nne, soma nne. Ni nane, soma nane. Zote zirudi katika chombo kimoja kipana. Ukubwa mwingine wowote, kataa, na useme umekataa. Akaiendesha. Skrini ikaonyesha bilioni sita na zaidi, na namba ikazidi kupanda huku anaitazama.

Akaibeba kompyuta hadi kwa Mkuu. Koleo alikuwa ameshafika, amesimama, funguo za gari la kazi ameziweka mezani.

Mkuu aliitazama namba, akashuka hadi kwenye ile mistari kumi na miwili. "Hiyo ya nne na nane nakubali," alisema. "Ila hapo pa kukataa, rudisha sifuri kama zamani. Wateja hawapendi maandishi mekundu ya hitilafu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Hapiti, Mkuu. Tumemfunikia mpaka amehamia humu ndani."

"Dada, usinipandishie sauti."

"Naipandisha! Sifuri maana yake hakuna kilichopotea. Kutojua ni kitu kingine. Kwa sifuri hiyo umemwita mtu mzima mwongo mbele ya mafundi wenzake."

Katika kazi yao, badiliko halipokelewi bila mstari wa mwisho wenye jina la anayelibeba, ndiyo saini yake. Mama Hakiki aliandika: ukubwa usiojulikana, jibu sifuri. Kisha akamsogezea kibodi. "Langu siweki. Weka lako."

Mkuu aliusoma mstari ule, akausoma tena. Vidole vyake vilibaki juu ya kibodi, havishuki.

"Barua ya Koleo uliisaini umesimama mlangoni, hata miwani hukuvaa," alisema Mama Hakiki. "Hiki ni kimstari kimoja tu. Saini."

Mkuu akaufuta mstari kwa mkono wake mwenyewe. Akavuta karatasi, akavaa miwani, akaandika kwamba taarifa za fundi zilikuwa za kweli na aliyekosea ni yeye. Chini akaweka jina lake lote.

Koleo aliisoma amesimama, akaikunja, akachukua funguo. Hakushukuru, na Mama Hakiki alifurahi kwamba hakushukuru.

"Swichi ya wodi ya wazazi inabadilishwa lini?" aliuliza Koleo.

Mkuu akafungua daftari la maagizo, Mama Hakiki akainama kuangalia naye. Miezi mitatu, na hakuna aliyekuwa ameagiza swichi mpya.