Kaltumu Tu

Mji wa Koboko wa mwaka themanini na nane, mtu akikuuliza baba yako ni nani, wewe kwanza unataka kujua yeye ni nani. Ndiyo adabu iliyobaki baada ya vita. Sasa huyu Mwalimu Enoch, mgeni kutoka upande wa Kampala, hata muhula hajamaliza, akaanza kuwasimamisha wanafunzi mbele ya darasa, mmoja mmoja, eti wafanye mazoezi ya usaili wa kazi. Yeye ndiye bosi, wao wanaomba ukarani. Mazoezi, loh! Kaltumu aliviona viatu vyake vinavyong'aa, akasema moyoni, huyu si mwalimu, ni mpelelezi.

"Jina?" mwalimu akauliza kwa Kiingereza.

"Kaltumu."

"Kaltumu nani?"

"Kaltumu tu."

"Lugha?"

"Kikakwa na Kiingereza." Kiswahili alikimeza, maana chake kilikuwa cha kambi ya jeshi, cha baba yake.

"Sikusikii! Paza sauti!"

"Ndiyo, afande!"

Darasa likaangua kicheko. Kaltumu akaganda. Kweli mdomo huponza kichwa: Kiswahili alichokificha kimemtoka chenyewe, tena na afande wake. Mwalimu hakucheka. Alimtazama, kisha akauliza kwa Kiswahili hicho hicho, taratibu, "Baba yako iko wapi?"

Jirani yao Amandu aliulizwa taratibu hivyo hivyo, akachukuliwa na askari, hakurudi.

"Alikufa, mwalimu."

"Pole sana," akasema, akamwita mwanafunzi aliyefuata, Pitia. Pole ya kweli au ya mtego? Kaltumu hakujua.

Nyumbani, kijijini Midia, alimkuta baba yake, Sebit, mzima wa afya, anamenya mihogo uani. Tangu warudi kutoka uhamishoni Sudani, mzee huyu aliyekuwa askari wa serikali iliyopinduliwa hakuwahi kukanyaga mjini. Kaltumu akamweleza yote huku analia. "Nisamehe, baba. Nimekuua kwa mdomo wangu."

Sebit akaweka kisu chini. "Nilikufa na nini?"

"Hakuuliza."

"Kesho iko mutu atauliza. Na kaburi iko wapi?"

Mzee akajifuta mikono, akavuta kiti, akakaa wima kama bosi.

"Simama pale. Baba yako iko wapi?"

"Baba, mimi sitaki."

"Baba yako iko wapi?"

"Alikufa," Kaltumu akasema, macho chini.

"Hapana. Ukiangalia chini watajua unadanganya. Angalia mimi, mwanangu. Sema tena."