Mke Mwenza wa Mbao

Bibi mmoja mteja alipolileta sanduku lake kwenye karakana ya mjomba, alilitambulisha kama mtu.

"Huyu ni mke mwenzangu," alisema. "Marehemu alikuwa anamfuta vumbi kila asubuhi. Mimi hata shavu hakunifuta."

Mjomba alicheka mpaka akashika kiuno. Mkwe wa bibi, mke wa mwanawe, hakucheka. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani, kana kwamba mbao zetu zingemrukia.

"Fundi, mimi sina ubaya. Mama anahamia kwangu, na ninampokea kwa mikono miwili. Lakini hilo sanduku linamwaga unga. Wadudu wakihamia kwenye makabati yangu nitamlilia nani? Likipona, linaingia. Lisipopona, halivuki kizingiti."

"Litapona," bibi alidakia. Akanigeukia mimi, niliyejibanza nyuma ya kabati lisilo na milango. "Si litapona, mjukuu wangu?"

Mbele ya wageni mimi ni mwoga. Nilijifanya natafuta msasa.

Walipoondoka mjomba aliniambia nikwangue kidogo ubavuni, tuone mbao ikoje. Sanduku lilikuwa limepakwa rangi juu ya rangi: kahawia, kijani, kisha kahawia tena. Rangi ilibanduka kama ganda la yai, na nyuma yake hapakuwa na mbao. Unga laini ulinimwagikia miguuni. Kidole changu kikazama chote.

"Mjomba."

Alikuja akagonga kila upande, ametega sikio. Mbao nzima huitikia ko, ko. Hii iliitikia kama boksi la viatu.

"Acha kukwangua," alisema. "Rangi ndiyo inayolishikilia."

"Tubadilishe mbao?"

"Zipi? Zote? Hilo litakuwa sanduku jingine. Marehemu hakulifuta vumbi hilo jingine."

Tulijaribu hivyo hivyo. Nilidunga dawa ya wadudu kwa bomba la sindano, tundu moja moja, nikaziba kwa nta, tukalifunga kwenye nailoni. Baadaye tuliliweka juu ya shuka jeusi. Asubuhi shuka lilikuwa na vilima vidogo vya unga. Nikakung'uta, nikadunga tena. Asubuhi, vilima vingine. Mjomba alivitazama, akaenda kunoa randa iliyokwisha nolewa.

Bibi alirudi amependeza, kama anayekuja kumtoa mgonjwa hospitali. Mkwe wake alipitisha kiganja chini ya sanduku, kikatoka na unga. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Nisamehe, mama. Unaona mwenyewe."

Bibi akanishika mkono. "Mjukuu wangu, hebu fanya tena kidogo. Wewe una mkono mwepesi."

Nilimgeukia mjomba.

"Amefanya, mama," mjomba alinijibia. "Hakuna tena mahali pa kufanyia."

Akainama kung'oa kitasa cha shaba cha sanduku. Hakuhitaji bisibisi; skrubu zilitoka kwa vidole. Akakisugua kwa kitambaa, akanipa nimkabidhi bibi.

Bibi alivuta uzi shingoni, akatoa ufunguo. Akakishika kitasa kiganjani, akauingiza, akazungusha. Ta.

"Kinafunga," alimwambia mkwe wake.

"Kinafunga vizuri, mama. Twende."

Bibi akafungua, akafunga tena. Walipofika kwenye kona ya barabara nilikuwa bado nasikia: ta, ta.