Tundu Chini ya Mkate

Jioni, mashine za kusaga mawe zilipozimwa pale machimboni Tiira, Roselyn alimimina maji ya uvuguvugu kwenye sufuria ya mashine ya mkate, akatia mafuta, chumvi na sukari, kisha unga wa ngano, na juu kabisa akachimba kijishimo kwa kidole akaweka hamira. Ndivyo alivyofundishwa na dada yake Loy. Hamira isiguse maji mapema wala isikutane na chumvi, la sivyo inakufa. Mchana hakuweza kuoka, kwa sababu mashine za mawe zilinyonya stima yote, na ya kwake ikabaki inaguna tu bila kuzunguka.

Mashine hiyo ilitoka Tororo. Loy alikuwa akifanya kazi za ndani kwa mhandisi mmoja, na mhandisi alipohama alimwachia vitu ambavyo havikuingia kwenye gari. Kioo cha kifuniko kilikuwa kimepasuka. Loy aliifunga kwa kitenge, akapanda nayo boda mpaka Tiira, ameipakata kama mtoto mwenye homa.

Mkate wa kwanza ulitoka mgumu kama tofali, kwa kuwa Roselyn alisahau kutia kile kibawa kidogo cha chuma kinachokanda unga. Wa pili ulipanda vizuri, kisha ukabonyea katikati. Loy alimwuliza kwa simu kama dirisha lilikuwa wazi. Lilikuwa wazi.

"Basi ndiyo hiyo," Loy alisema. "Upepo unaingia kwenye ufa. Funga dirisha, funga na mlango. Unga ukipigwa na baridi unalala."

Roselyn alifunga dirisha, akakunja gunia akaziba chini ya mlango. Mkate wa tatu ulipanda mpaka juu. Prossy, binti yake wa darasa la kwanza, alikula kipande kikiwa moto, bila chai, akasema huu ni kama wa dukani Busia. Tangu siku ile dirisha la jikoni lilifungwa kila jioni.

Sasa jioni ilikuwa ni saa ya Odwori pia. Huyu, mume wa Roselyn, alichimba dhahabu kama wanaume wengine wa pale. Mchanga uliosafishwa aliukanda kwenye beseni pamoja na zebaki, ambayo machimboni wanaiita dawa, mpaka dawa ishike dhahabu yote. Halafu aliikamua kwa leso, kikabaki kidonge cheupe. Kidonge hicho lazima kichomwe ili dawa itoke na njano ya dhahabu ibaki. Na hakichomwi shimoni hata siku moja, maana macho ni mengi. Mchimbaji anaamini sigiri moja tu, lile jiko la makaa la mke wake.

Odwori aliweka kikaango juu ya makaa, kidonge ndani ya kikaango, akamwita Prossy. Yeye na wenzake waliamini kwamba mtoto akiwa wa kwanza kuona njano, shimo la kesho halimnyimi baba yake. Prossy alisimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja nyuma ya goti, akakinyooshea mkono kikaango. Mwenye mtoto asipite hapa haraka: moshi wa dawa hauna harufu. Jikoni kulinukia mkate.

Mikate yote ya mashine ina tundu chini, pale kibawa kinapochomolewa. Roselyn alilijua tundu hilo. Lakini siku zilivyokwenda aliona la kwake linakua, na lina umbo. Alipoukata mkate kwa urefu alimkuta mtoto humo ndani: kichwa, shingo, mkono ulionyooshwa mbele, na mguu mmoja uliokunjwa. Alikuwa mdogo kama kidole gumba. Mbele yake palikuwa na tundu jingine, la mviringo, lenye mpini.

Roselyn alikisugua kibawa kwa majivu, akakirudisha. Kesho yake mtoto alikuwemo tena, ameongezeka kidogo.

Wachimbaji walionunua mkate kwake asubuhi walizoea. Otai, ambaye hakumwacha mtu bila utani, aliinua kipande chake akamchungulia Roselyn kupitia kwenye tundu.

"Mama Prossy, binti yako ameanza kunilia mkate kutoka ndani. Niongeze basi."

Alimwongeza. Wengine wakawa wanawahi mapema ili wapate vipande vya pembeni, ambako mtoto hakufika.

Prossy akaanza kutetemeka mikono. Mwalimu alituma neno kwamba mtoto haandiki tena juu ya mstari. Roselyn alidhani ni minyoo, akampa dawa ya minyoo. Akadhani ni malaria, akampeleka akapimwa, hakuwa nayo. Fizi zikavimba, mate yakawa yanamtoka bila yeye kujua, na maneno yakaanza kumpotea, yale marefu kwanza. Kadiri Prossy alivyopungua, mtoto wa kwenye mkate alizidi kukua. Ikafika mahali mkate mzima ulitoa vipande viwili tu vya kuuza.

Loy alipokuja kumwona mgonjwa alikatiwa mkate kwanza, kama mgeni. Aligeuza kipande chake huku na huku.

"Dada, hiki kikaango kwenye mkate, si ndicho kile pale?"

Ndicho. Kilikuwa kimetundikwa ukutani, na asubuhi ile Roselyn alikuwa amekikaangia mayai.

Walimpeleka Prossy hospitali Tororo, na Loy alibeba nusu ya mkate ndani ya kavera la plastiki. Daktari aliutazama mkate, akamtazama mtoto, akauliza ni nani anayechoma zebaki ndani ya nyumba, na dirisha likoje wakati huo. Roselyn alisema dirisha hufungwa. Alisema ni kwa ajili ya hamira. Daktari hakumgombeza. Alisema moshi ule ukiingia kwa mtoto haupigi hodi, na kuutoa ni kazi, na kwamba mtoto asikanyage tena jiko lile.

Odwori alipoelezwa hakuvua hata kofia ya shimoni. Hakuwa mtu mbaya. Alihamisha sigiri akaiweka nyuma ya choo. Majirani wakaanza kupitapita kule nyuma, huyu anaomba moto, yule anatafuta kuku wake. Halafu mvua zikaanza. Akairudisha sigiri jikoni, akasema ni kwa siku chache tu, Prossy atakuwa chumbani. Chumba na jiko vilitengwa kwa pazia.

Prossy alikufa katika mvua hizo, mchana, mapajani kwa mama yake, mashine za mawe zikinguruma. Watu walikuja matangani na hapakuwa na kitu cha kuwapa pamoja na chai, kwa hiyo jioni Roselyn alioka. Mkate ulitoka ganda tupu, jembamba kama la yai, na ndani yake uwazi wa Prossy mzima, mpaka na vidole. Loy hakuukata. Siku ya kuzika Odwori aliubeba kwa mikono miwili, akauweka juu ya jeneza, nao ukafukiwa. Padri alingoja amalize, ndipo akaendelea na sala.

Tangu hapo Roselyn anaoka na dirisha wazi. Mkate unabonyea katikati na wanunuzi wananung'unika. Odwori bado anachoma kwenye kikaango kilekile, amejifunga leso puani. Hamwiti mtu kuona njano. Kuna jioni anajisahau, anaita, "Prossy," halafu anangoja kidogo, halafu anakoroga makaa.

Kwa muda tundu la mkate lilikuwa tundu la kibawa tu. Kisha akatokea mtoto mwingine. Huyu alisimama kwa miguu yote miwili, paji lake pana, na ameuma pindo la gauni. Roselyn alimjua kabla hajamaliza kukata. Aliufunga mkate kwenye kitambaa akaupeleka kwa jirani yake Taaka.

Taaka alikuwa anapepea sigiri, mtoto mchanga mgongoni. Aliupokea mkate, akaugeuzia kwenye mwanga.

"Ni Becky," alisema. "Hata paji ni lake."

"Fungua dirisha, Taaka. Na baba yake akichoma, mtoto akae nje."

"Nikifungua, Mama Prossy, watu wataona tumepata."

"Acha waone."

"Wewe wako ulimfungulia lini?"

Roselyn alianza kukunja kile kitambaa. Taaka aliona amesema vibaya, akamvutia kigoda, akamwekea chai yenye maziwa mengi. Walikunywa. Taaka alikata mkate kuanzia upande mzima, akapaka siagi. Becky aliingia mbio kutoka nje, akachukua kipande chenye kichwa chake, akapitisha kidole kwenye tundu, akacheka, akala.

Baadaye mume wa Taaka aliingia. Alimpa Roselyn pole tena, kwa heshima, akauliza habari za Odwori. Akafunga dirisha. Akaweka kikaango juu ya makaa, akafungua leso.

"Becky," alisema, "njoo uone."

Roselyn alimshika Becky mkono, akamwomba amsindikize nyumbani. Baba yake alisema atamsindikiza akishaona. Becky alijinasua taratibu, akaenda kusimama penye kikaango, akauma pindo la gauni lake. Taaka alisogea karibu naye ili amshike asiungue, na mtoto mchanga wa mgongoni akachungulia juu ya bega la mama yake.

Roselyn alirudi kwake, akafungua dirisha, akapima unga.

Mkate ulipotoka, tundu lilikuwa la watoto wawili, mkubwa na mchanga. Aliukata kuanzia upande mzima, akafunika vipande kwa kitambaa. Asubuhi alipofungua mlango wachimbaji walikuwa wamekwisha panga foleni, na Otai, aliyekuwa mbele, akamwomba cha pembeni.