Jua la Jiko la Bi Kibibi

Saumu halali. Amefumba macho tu, saa nane mchana, kichwa juu ya mkono na mkono juu ya meza, anasubiri kompyuta imalize kuhesabu mwanga. Siku ya nne hii. Aliiruhusu injini ya mchezo wake wa kompyuta ihamie toleo jipya kwa sababu la zamani lilikuwa linakwamakwama, na yeye si mtu wa kubembeleza mashine. Alipofungua, nyumba ilikuwa nyeusi tii. Nyumba yenyewe ni ya mama yake, Bi Kibibi, ile ya Ngamiani iliyovunjwa kupisha barabara. Saumu aliijenga upya ndani ya kompyuta, chumba kwa chumba, mchezo usio na mshindi wala pointi, unaingia tu na kutembea. Mama kumbukumbu zimemtoka. Mtaa haujui, mwaka haujui. Lakini alikuwa akikalishwa mbele ya kioo cha kompyuta kila alasiri, akiona madoa ya jua yakipenya matofali ya matundu na kulala kwenye sakafu ya jiko mpaka mguu wa kinu, anatulia. Kwa madoa hayo alikuwa akijua saa maisha yake yote. Yakigusa kinu, anaacha hata wali motoni, anakwenda kutawadha. Akiyaona kwenye kioo husema, Saumu, funga mlango, kuku wataingia. Sasa siku nne analia, anataka apelekwe kwao.

Kosa ni la Saumu, hamsingizii mtu. Kompyuta yake ni dhaifu, kwa hiyo mwanga aliuoka: mashine iliuhesabu mara moja, ikaupaka juu ya kuta na sakafu kama chokaa. Kisha, ili kubana nafasi, akalifuta jua lenyewe, ile taa kubwa iliyotoa mwanga wote. Aliona halina kazi tena. Toleo jipya limeutupa mwanga wa zamani, linataka uokwe upya, na jua la kuokea halipo. Nakala hakuweka. Alilisimamisha wapi hakumbuki, maana aliyemwelekeza, sogeza kushoto, shusha kidogo, hapohapo, alikuwa mama, akili ikiwa bado nzima. Siku nne anabahatisha. Mstari wa kuhesabu unafika asilimia sitini na mbili, unasimama, kisha unarefuka, unatoka nje ya kioo, unapita juu ya meza na vikombe, unakuwa barabara, na Saumu yuko juu yake na kandambili zake.

Barabara haina mwisho, anatembea na inarefuka kwa kadiri anavyotembea, na juu hakuna mbingu, kuna rangi ya kijivu tu ya kitu ambacho hakijapakwa. Kushoto nyumba ya mama. Kulia nyumba ya mama. Mbele mji mzima wa nyumba ya mama, kila moja imeitazama nyingine kama kwenye kioo, na hakuna iliyo sawa. Hii imejaa weupe mpaka kuta hazionekani. Hii ina giza. Hii kila kitu ni waridi kama halua ya bei rahisi, vyungu waridi, moshi waridi. Katika kila jiko amesimama Bi Kibibi amempa mgongo. Saumu anaingia moja baada ya nyingine. Mama, jua lilikuwa likiingilia wapi? Na kila mgongo unajibu, nipeleke kwetu mwanangu, hapa si kwangu.

Nyumba ya kumi na kitu anamkuta fundi kwenye ngazi, ovaroli chafu, bisibisi mfukoni, na uso hana, pamekuwa laini kama ukuta uliopigwa lipu jana. Saumu anamwambia, wewe, shuka, nataka kujua jua langu liko wapi. Fundi anasema, shikamoo haina nafasi siku hizi, mama? Saumu anasema, nikijua umri wako nitakuamkia, una uso? Fundi anacheka kwa mabega. Anasema, ninalijua jua lako. Kitendawili. Saumu anasema, sina muda wa vitendawili, nimeacha mtu analia. Fundi anachomoa bisibisi, anaendelea na kazi yake hukohuko juu, mpaka Saumu anasema, haya, tega.

Kakaa sakafuni mchana kutwa, ufagio haumwondoi. Saumu hasiti, anajibu, mwanga. Fundi anatikisa kichwa. Hilo lilikuwa jibu katika toleo la zamani, mama. Nipe mji. Mtindo ni uleule wa barazani, ukishindwa unatoa mji, kama walivyokuwa wakicheza utotoni, watoto wakigawa Mombasa na Unguja kama karanga. Saumu anampa Korogwe, na mbali kule barabarani kitu kinazimika. Korogwe ndiko alikosomea stashahada yake. Anajaribu kuliona bweni, kitanda, rafiki wa kitanda cha juu, na haoni mtu.

Kitendawili, anasema fundi. Mpishi kafukuzwa, wageni bado wanakula. Hiki Saumu anakijua mpaka tumboni. Ni mimi, anasema, mimi niliyelifuta jua. Fundi anasema, ni kweli, ila hicho hakikuwa kitendawili, kilikuwa onyo. Kilikutokea kwa maandishi ya njano, ukabonyeza endelea. Nipe mji. Saumu anampa Muheza, alikowazalia wanawe, na kinazimika, na maziwa yanamkauka kifuani kana kwamba hajapata kunyonyesha. Fundi anatega tena, Saumu anashindwa, anatoa Pangani, alikoolewa. Fundi anatega kingine. Maswali yanazidi kuwa mafupi na majibu yote ni ya toleo jingine, na huko barabarani giza linakuja nyumba kwa nyumba.

Sina mji tena, anasema Saumu.

Unao mmoja, anasema fundi, na sasa anashuka, ngazi kwa ngazi, hana haraka. Ule ambao mama yako akiuona, anakutaja wewe ndani yake. Saumu anauliza, nikikupa, utaniambia? Anajibu, mwenye kupewa mji lazima aseme alichokikuta, ndiyo sheria. Saumu anapiga hesabu upesi, kama anavyokata mboga. Upande mmoja jina lake kinywani mwa mama, mara moja kwa siku, na kuku ambao hawapo. Upande wa pili ajuza anayelia kila alasiri kwa kutaka kwao. Chukua, anasema.

Fundi anasimama wima. Nimekwenda Ngamiani, anasema, nimekula, nimekunywa, nimemkuta mama jikoni kwake, raha mustarehe, mtoto hana. Jua limesimama mkono wa kushoto wa mnara wa msikiti, kimo cha mnazi mmoja juu ya bati la jirani, linaingilia safu ya tatu ya matundu.

Saumu anafumbua macho. Au anadhani amefumbua. Shavu limeteleza hadi kwenye vitufe na kubandikwa alama zake, na kwenye kioo kuhesabu kumekwisha. Madoa yamelala sakafuni, ya dhahabu, yamegusa mguu wa kinu kwa usahihi ambao hajaupata kwa siku nne. Nani kaliweka jua hilo, hakumbuki kuligusa. Bi Kibibi ameketi karibu yake, kanga mabegani, machozi yamekauka. Anatazama. Alhamdulillahi, anasema, nimefika kwangu. Saumu anasubiri. Anasimama, anasubiri kuambiwa afunge mlango. Mama anageuka, anamwangalia kwa upole ambao watu huwawekea wageni, anasema, karibu binti, mbona umesimama? Umetumwa na nani? Saumu anasema, mimi Saumu, mama. Bi Kibibi anafikiri kwa adabu, anatikisa kichwa. Hapa hatuna Saumu. Ila kaa, wali uko karibu kuiva. Anainama, anamsogezea kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Saumu anakitambua. Alikichora mwenyewe ndani ya kompyuta siku mbili nzima, mbao, meno, msumari uliopinda. Anakikalia, na kina joto, joto la kitu kilichokaa juani tangu asubuhi.