Bakuli la Maganda

Tumbo la mwanawe lilimuuma fundi cherehani kama lake mwenyewe. Lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba tumbo hilo lilikuwa linachagua nyumba.

Mchana Kidoti, mwenye miaka mitatu, alishinda kwa shangazi yake, dada wa baba, mlango wa tatu kutoka pale mama aliposhonea. Huko alikula akashiba, akacheza, hana neno. Jioni akirudi kwao akala chakula cha mama, muda si muda tumbo linajaa kama mpira, anajikunja kitandani akilia.

"Wifi, kwangu mbona haumwi?" shangazi aliuliza. "Sisemi kitu, nauliza tu. Muache awe analala huku kwanza. Kaka nimeshamwambia, kakubali. Mwisho wa mwezi nije nichukue nguo zake."

Kaka kakubali. Fundi akarudi jikoni kupigana kwa mwiko. Viazi vitamu ndivyo Kidoti alivyovipenda kuliko vyote, basi akazidisha. Akavichemsha, akaviponda mpaka vikateleza mdomoni. Mtoto akalamba sahani. Kisha akalia kuliko jana.

Kliniki, muuguzi alimbonyeza Kidoti tumbo taratibu. "Hana vipele, hapumui kwa shida, kilo zake ziko sawa. Inaelekea kuna chakula tumbo lake halikiwezi. Andika kila anachokula, kwako na huko anakoshinda."

"Na huko?"

"Huko hasa. Unataka kujua kinachomdhuru, jua na kisichomdhuru."

Ikabidi aende kuomba. Shangazi hakujua kuandika, na fundi, aliyesoma darasa la jioni akiwa na mimba ya miezi minane, alijisikia vizuri kidogo moyoni. Akajionea haya.

"Kalamu siiwezi," shangazi alisema, "lakini akili ninayo."

Kesho yake alimrudisha mtoto pamoja na bakuli lenye kifuniko. Ndani mlikuwa na ganda la ndizi, ganda la kitunguu, kipande cha ganda la boga, na punje tatu za mchele. Siku ya pili, maganda mengine. Kila jioni fundi aliyamwaga juu ya meza ya kukatia vitambaa, akayasoma moja moja, akaandika.

Siku ya kumi na moja aliweka kurasa mbili sambamba. Kitu kimoja tu kilikuwa kwake kila jioni na hakikuonekana bakulini hata siku moja. Viazi vitamu.

Akaviacha. Jioni ya kwanza tumbo liliunguruma kidogo. Ya tatu lilikuwa laini, na Kidoti akasinzia huku anauliza kwa nini paka hana viatu.

Akaenda kwa wifi yake na daftari mkononi. "Mbona wewe hukuwahi kumpa viazi vitamu?"

Shangazi aliendelea kupepeta mchele. "Nilimpa zamani, kipande kimoja kimoja. Akaniambia vya mama ni vitamu zaidi. Kila nikipika, vya mama, vya mama. Nikaona wivu, wifi, nikaacha kuvinunua."

Fundi alifunga daftari. Miezi yote ile alidhani wivu ni wake peke yake.

"Kwa hiyo nguo zake siji kuchukua," shangazi alisema. Haikuwa swali.

"Usije. Analala kwa mama yake. Ila mchana ni wako, na bakuli liendelee."

Baada ya wiki mbili, kwa ushauri wa muuguzi, walijaribu kipande chembamba kama kidole cha mtoto. Kikapita salama. Wiki iliyofuata nusu kiazi, na tumbo likajaa tena. Basi mpaka ukajulikana: kipande kimoja kila Jumamosi sawa, sahani hapana.

"Kipande cha Jumamosi atakula kwangu," alisema shangazi.

"Kwangu," alisema fundi.

Kidoti alikichukua mwenyewe kwenye sahani, akakila katikati yao.