Risiti Nyeusi

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Kopi, na duka lake la fotokopi lilijulikana hata na watu ambao hawajawahi kunakili chochote maishani mwao. Miaka kumi na miwili alikuwa katika chumba kilekile kinachotazama barabara, na mashine zake mbili, stuli tatu na feni yenye kelele kuliko upepo. Sasa chumba kilikuwa kinauzwa. Mwenye nyumba alimjia kistaarabu, akasimama mlangoni kofia mkononi.

"Mama, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Mwisho wa mwezi ujao ukishindwa, namuuzia yule wa vipuri. Tusije tukalaumiana."

Mama Kopi hakutishika. Nusu ya bei alikuwa nayo, nusu angekopa benki, na katika mambo ya kukopa na kulipa alijiona mtu safi kabisa. Akaenda benki amevaa viatu vyake vya harusini. Akarudi amevishika mkononi.

Kule benki walimwonyesha karatasi moja tu, taarifa yake ya mikopo. Humo kulikuwa na mkopo wa miaka minane nyuma, aliouchukua kununulia mashine ya fotokopi kutoka kampuni ndogo ya mikopo ambayo siku hizi imemezwa na kampuni kubwa zaidi. Marejesho kumi na moja yamelipwa. La kumi na mbili, la mwisho, halijalipwa, na adhabu za miaka minane zimepandiana juu yake.

"Kama si kweli, nenda ofisi ya taarifa za mikopo ukaweke pingamizi," afisa wa benki alimwambia. "Sisi tunasoma tu kilichoandikwa, mama yangu."

Laiti angekuwa amelipa kwa mkono wake, angewasha moto pale pale benki. Lakini mwezi ule wa mwisho mguu wake ulikuwa kwenye plasta, na pesa aliipeleka mumewe.

Hapo sasa ndipo pagumu. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu mpole, mchapakazi, asiye na makuu. Ila alikuwa na doa moja. Zamani, binti yao akiwa darasa la tano, Fundi alipewa ada ya shule aipeleke, akamkopesha rafiki aliyemlilia shida. Mtoto akarudishwa nyumbani, akakaa wiki mbili akifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Fundi aliilipa ada ile yote kabla muhula haujaisha, kwa kuzibua vyoo vya watu kila Jumapili. Binti alisoma, akamaliza, akaolewa, na sasa ana watoto wake wawili wa kuwalipia ada. Lakini nyumbani, kila wazee hawa walipogombana, hata wakigombania chumvi, ile ada ilifufuliwa. Mama Kopi alikuwa akiitoa kama mtu anayetoa kitambulisho.

Na risiti? Risiti ilikuwepo. Ilikuwa ikining'inia ukutani, juu ya kaunta, na kila mteja aliiona.

Kisa chake ni hiki. Wiki ileile Fundi aliyoleta risiti ya kumaliza mkopo, Mama Kopi alinunua mashine ya laminesheni, ile inayofunika karatasi kwa plastiki ya moto. Kwa furaha ya kumaliza deni akasema karatasi ya kwanza kuingia humo itakuwa risiti yenyewe, idumu milele. Hakuisoma, aliitupia jicho tu. Wala hakujua kwamba karatasi za risiti za mashine huandikwa kwa joto, na zikipata joto jingine huandikika zote. Risiti ilitoka upande wa pili nyeusi tii. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mama Kopi, ambaye si mtu wa kukubali hasara kirahisi, akaibandika kwa gundi kwenye kipande cha ubao na kuandika chini yake: RISITI ZA MASHINE HATUFANYI LAMINESHENI. USIBISHE, TAZAMA HII.

Kwa miaka minane risiti ile ilikuwa imeokoa risiti za watu wengine. Sasa mwenyewe alikaa chini yake, ameshika tama, akaiangalia, isimwambie kitu.

Hakumshutumu mumewe. Ingekuwa afadhali. Alinyamaza tu. Siku tatu alijibu "ndiyo" na "hapana", akampa chakula bila kumuuliza kama chumvi imetosha. Usiseme mwanamke yule alikuwa na roho mbaya, alikuwa anaogopa. Aliogopa kupoteza chumba, na zaidi aliogopa kwamba yule aliyelala upande wa pili wa kitanda alimdanganya miaka minane akimtazama usoni.

Siku ya nne akaenda ofisi ya taarifa za mikopo. Karani alikuwa binti wa miwani, umri wa mwanawe, akampokea kwa shikamoo na kiti. Alimweleza mambo pole pole. Pingamizi likipokelewa, hupelekwa kwa kampuni inayodai, nayo ina siku ishirini na moja za kujibu.

"Ila mama, bila ushahidi watajibu neno moja tu, kwamba deni ni halali. Hapa sehemu ya nne panatakiwa maelezo ya malipo. Nani alilipa, wapi, ilikuwaje. Ulilipa mwenyewe?"

"Alilipa mume wangu."

"Basi aeleze yeye. Usimwandikie ya kwako, sawa mama? Muulize, kisha uandike anavyosema."

Mama Kopi aliondoka na fomu akijisikia vibaya. Mtoto mdogo vile, na amemwambia jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja kwa siku zote hizo.

Alasiri Fundi alipitia dukani, mikono ina harufu ya gundi ya mabomba. Mkewe akamsogezea stuli.

"Kaa. Kuna fomu. Nataka unieleze siku ile uliyokwenda kulipa rejesho la mwisho."

Fundi aliisoma fomu tangu juu mpaka chini. Akaiweka kaunta, akainyoosha kwa kiganja.

"Kumbe ndilo lililokunyamazisha."

"Ndilo."

"Nililipa, mama watoto."

"Sijakuuliza kama ulilipa. Eleza ilivyokuwa."

Fundi alivuta pumzi. Angeweza kukasirika, na haki alikuwa nayo. Badala yake alianza kueleza kama anavyoeleza bomba lililopasuka, kipande kwa kipande. Alikwenda asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yake kulikuwa na mzee aliyekuja na sarafu kwenye soksi. Mama Kopi aliandika yote, hata soksi.

"Nikafika dirishani. Dada akahesabu pesa mara mbili. Mashine ikatoa risiti. Akapiga muhuri, muhuri ukateleza."

"Ukateleza vipi?"

"Karatasi yenyewe laini, wino haukushika. Ukampaka kidoleni. Akasonya, akaifuta na kitambaa, akaigeuza, akapiga nyuma. Akaandikaandika hapo hapo nyuma. Nikamwambia, dada yangu, andika vizuri, maana nyumbani kwangu kuna mkaguzi."

Kalamu ya Mama Kopi ilisimama.

"Nyuma?"

"Nyuma. Mbele haikushika, nimekwambia."

Aliinuka, akapanda stuli, mguu mbovu na yote, akaking'oa kile kibao ukutani. Akachukua wembe wa kukatia karatasi. Gundi ilikuwa imeshika plastiki, haikuigusa karatasi. Alikwangua taratibu, kona hadi kona, Fundi akishikilia ubao usicheze. Plastiki ikabanduka ikiwa nzima. Akaigeuza.

Upande wa nyuma karatasi ilikuwa imefifia kidogo, rangi ya kijivu, basi. Muhuri wa kampuni ulikuwa pale, na tarehe katikati yake. Chini, kwa kalamu ya buluu, namba ya mkopo, kiasi, sahihi, na maneno yenye mwandiko mzuri wa mtu aliyeonywa: *Amemaliza. Hadaiwi.*

Mama Kopi alikaa. Macho yalimjaa maji mbele ya mteja aliyekuwa anaingia na cheti cha kuzaliwa, naye hakujali.

"Nisamehe," alimwambia mumewe. "Nilikuhisi vibaya. Siku nne nzima nimekuhisi vibaya."

"Nilijua kuna kitu," Fundi alisema. "Hujanigombeza tangu Jumatatu."

Mama Kopi alitoa nakala tatu kwa mashine ileile iliyokopewa pesa, akapeleka pingamizi asubuhi iliyofuata. Siku ya kumi na nane karani alimpigia simu mwenyewe. Kampuni ilikuwa imekiri kwamba malipo yale yalipotea wakati vitabu vya hesabu vinahamishiwa kampuni kubwa. Taarifa mpya ilikuwa na mstari mmoja uliobadilika: mkopo umelipwa, umefungwa. Benki walisaini wiki hiyohiyo, na yule wa vipuri akatafute pengine.

Jioni waliyorudi kutoka kulipa kwa mwenye nyumba, Fundi alikuwa akipigilia msumari ule wa zamani ukutani. Mama Kopi alimpa kile kibao chake. Safari hii risiti haikubandikwa. Ilifungwa kwa kibanio, mtu akitaka aigeuze.

Fundi alipiga nyundo mara mbili, akasita. Alizungumza akiangalia ukuta.

"Mama watoto. Na ile ada?"

Alisema kwa utani, lakini nyundo ilibaki juu, ikingoja.

Mama Kopi alikuwa anapanga karatasi kwenye trei ya mashine. Aliendelea kuzipanga mpaka kingo zikawa sawa.

"Ada gani?" alisema.

Fundi alibaki amempa mkewe mgongo. Akaukagua ule msumari kwa muda mrefu, ingawa ulikuwa umeshaingia wote.